Kadi Niliyoigandisha kwa Gundi

…na ndiyo maana jana sikukujibu, Kyungu wangu, uliponiuliza tena ni nani aliyeigandisha ile kadi kwa gundi. Ulikuwa umekaa sakafuni, albamu magotini, sanduku liko wazi nyuma yako, ukasema bila kuniangalia: "Zote zinatoka, hii tu haitoki. Nani alifanya huu ujinga?" Nikasema naenda kutazama maharagwe. Maharagwe yalikuwa yameiva zamani. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka nikasikia umefunga albamu.

Ni mimi, mama. Niliigandisha mimi, na nitakueleza kwa nini, lakini unipe nafasi ya kulifikia jambo polepole, kwa sababu nimekaa nalo miaka mingi na sijawahi kulitoa lote kwa mpigo.

Sasa ni saa tisa mchana. Umeenda sokoni na mama yako mdogo kutafuta viatu vya mpira vya kule kwenye matope. Treni ya Bukama inasemekana itaondoka kesho, na wewe na mimi, watu wa reli, tunajua "inasemekana" ni neno la namna gani. Lakini safari hii nimeamua kuiamini. Nikijiambia itachelewa, nami nitachelewa.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za maji ya kuchemsha. Mwuguzi ni wewe, diploma unayo, na watu wa Mulongo wanakungoja uwafundishe hayo. Ya nauli ya mtumbwi na ya kufunga mzigo atakuambia mama mdogo, ameshaanza, nadhani hapo mlipo bado anasema.

Nianze na furaha yangu, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Mimi ni mke mpya! Nacheka nikiandika hivyo, kwa sababu nina miaka arobaini na sita na goti langu la kushoto linalia kama mlango, lakini ndivyo nilivyo, leo wiki ya sita. Umenikuta ukanisikia nikiimba juu ya ndoo ya nguo. Ningeweza kuijaza barua hii yote kwa namna Papa Saidi anavyomenya chungwa, ganda likitoka zima kama mkanda, kisha kipande cha kwanza ananipa mimi kana kwamba imeandikwa katika sheria. Ananiita sheri, yaani mpenzi, mbele ya wateja wake wa vitenge. Mtu wa watu wa Maniema, mwenye ndevu nyeupe, anayeswali sala zake zote, anamwita binti wa mpiga filimbi wa gare, wa stesheni ya treni, sheri! Nikiwa sokoni simu inalia, ni yeye, hana jambo lolote, anataka tu kujua kama mvua imenikuta. Nampenda mpaka naona haya. Sikujua kwamba moyo ulio na umri huu unaweza kukimbia hivi.

Na siku ya ndoa, pale uani kwetu, watu wameshiba, muziki ukapunguzwa ili wewe useme neno kama mtoto wa nyumba. Ulisimama na soda yako mkononi. Ulikuwa mzuri sana, nilitaka kulia.

"Mama," ulisema, "minyi siko na maneno mingi. Huyu baba njo muzuri. Angalau yeye iko anapokea simu!"

Walicheka wote wanaotujua. Mama mdogo akapiga kigelegele. Shangazi yako Monga, dada wa baba yako, ambaye alikuja kwa heshima tu, aliweka sahani yake chini, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka kabla keki haijakatwa. Nami nilicheka, Kyungu. Nikiwa ndani ya lile gauni la lasi, bega langu likigusa bega la mume wangu, nilicheka pamoja nao. Tangu siku ile, kila furaha inayoniingia inapita kwanza juu ya kicheko hicho.

Sasa nirudi kwenye kadi.

Unajua kwamba albamu aliianza baba yako, ila hujui jinsi alivyokuwa akiisema. Kwake zile hazikuwa takataka zilizookotwa gare. Alikuwa akinieleza jioni, mimi nikichambua sombe, yale majani ya muhogo, kama mwalimu wa historia. Kwanza, alisema, Kamina ilikuwa na foni: unakaa kwenye foleni, unapiga kelele ndani ya chombo, na mji wote unasikia kwamba mjomba wako amekufa. Baadaye ikaja kabini, kibanda cha mbao na mwanamke mwenye saa ya mkononi anayekukatiza katikati ya neno. Halafu, vita vilipotulia, kadi za simu. Za kwanza zilikuwa za plastiki ngumu, unaweza kufungulia mlango kwa hizo; wake za askari wa Base, ile kambi ya jeshi, walizileta mjini ndani ya sidiria na kuziuza kimyakimya kama almasi. Baadaye zikawa laini, baadaye karatasi, baadaye vipande vidogo kama tiketi. Picha nazo zilibadilika: ndege na wanyama mwanzoni, kisha wachezaji wa mpira, kisha Noeli, kisha kijana anayecheka tu na simu sikioni, bila sababu. Mwisho watu wakaanza kutumiana yunite, salio lenyewe, kutoka simu hadi simu, na kadi zikafa. Leo ukimwambia mtoto wa shule akwangue kadi, atakuuliza ukurutu umeingiaje kwenye simu.

"Historia ya nchi hii," baba yako alisema, "bakubwa banaiandika na kalamu. Sisi tuliiandika na kucha."

Kwa kucha, kwa kuwa sisi hatuna sarafu. Fikiria hilo. Nimeambiwa na mtu aliyesafiri kwamba kwingine watu hukwangua kwa sarafu. Noti zetu zimechakaa mpaka haziwezi kukwangua hata uso wa maji. Hivyo tulikuwa na kucha, kifuniko cha soda, na wembe kwa mwenye haraka. Baba yako aliuchukia wembe. Alinifundisha kwa kunishika mikono, nami nilikuwa mke kijana na nilipenda kushikwa: kadi iliyolala muda mrefu ndani ya plastiki, ganda lake la kijivu hushikamana na namba zilizo chini. Ipashe moto kwa kiganja. Anza pembeni. Kwa kucha ya kidole gumba, taratibu, kama unamkuna mtoto.

Alikuwa na kadi zaidi ya mia mbili, zote zimekwanguliwa, zimeokotwa. Moja tu ilikuwa nzima. Ile ngumu, yenye picha ya korongo. Aliipata kwa askari mmoja kwa kubadilishana na samaki, na kwake ilikuwa kama ng'ombe. Kwa mtu wa kukusanya, kadi ambayo haijaguswa ni kitu kingine kabisa. Tulipohamia kile kituo kidogo porini, kwenye njia ya Bukama, aliiweka ukurasa wa nne akaniita.

"Mama Mapasa, hii usiigusege. Lakini siku ya shida, ukwangue, usiniulize. Muntu njo wa kwanza. Kadi njo ya nyuma."

Hukumbuki sana kile kituo. Ulikuwa na miaka mitano, wewe na Kabange, pacha wako. Nyumba nne za matofali, tangi la maji lililotoboka, na kile kichuguu kikubwa nyuma ya choo, kirefu kuliko paa, ambacho tulikiita ofisi ya posta kwa sababu rezo, mtandao wa simu, ilipatikana juu yake tu. Mtu akitaka kupiga simu alipanda, akasimama pale kama sanamu, na sote chini tulijua mambo yake. Foni ya reli ilikuwa imekufa, betri yake iliibwa. Baba yako aliendesha drezini, kile kigari cha mota kinachokimbia juu ya reli, akiwapeleka mafundi wa njia. Wiki nzima alikuwa kambini kwao, mahali penye rezo nzuri, na tulikubaliana: nikipiga, atakuja, hata kama chefu wake atamfukuza. Kwa drezini, kutoka kwetu hadi hospitali ya Kamina ilikuwa saa moja na nusu. Kwa baiskeli, kutwa nzima.

Kabange alianza homa siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi alipata degedege, na alipoacha kutetemeka niliangalia ndani ya mdomo wake, fizi zilikuwa nyeupe kama unga. Wewe leo unajua maana ya fizi nyeupe. Mimi nilijua tu kwamba si rangi ya mtoto.

Nilichukua simu nikakimbilia kichuguuni. Mvua ilikuwa inanyesha. Juu kule nikakuta kwamba sina yunite hata ya kubipa, na mwingine mwenye simu pale kituoni siku ile hakuwapo. Na sikuwa nazo kwa sababu jana yake nilizimaliza zote na dada yangu. Unataka kujua tulisema nini? Nilimlalamikia kwamba nimeolewa na mtu anayependa makaratasi kuliko mke wake. Tulicheka sana. Dada alisema, "Weye umuchomee ile albamu, utaona kama hatakuangalia." Yunite zilikatika tukiwa tunacheka.

Nikashuka, nikaingia ndani, nikafungua ukurasa wa nne. Bibi yako alikuwa amempakata Kabange, wewe ulikuwa umemshika mguu. Ningeweza kuikwangua pale pale, kavu, mezani. Ningeweza kuipasha moto kiganjani kama nilivyofundishwa. Ni dakika mbili. Lakini niliona kwamba kukaa ni kupoteza muda, nikachukua wembe wa bibi, nikapanda kichuguu tena na kadi na simu na wembe, mvua ikinipiga mgongoni, na nikakwangua nimesimama.

Namba zilitoka pamoja na ganda. Si zote. Mbili za mwisho tu. Nilibaki na tarakimu kumi na mbili nzuri, nyeusi, na mwishoni plastiki nyeupe tupu na mkwaruzo.

Nilikisia, Kyungu. Niliandika zile kumi na mbili na mbili nyingine za kichwani mwangu. Sauti ya mwanamke, kwa Kifaransa, sauti ya mtu aliyeshiba, ikaniambia namba si sahihi. Nikakisia tena. Nikachukua tarehe yenu ya kuzaliwa, nikifikiri Mungu ataona. Si sahihi. Mara ya nne ikaniambia laini yangu imefungwa, nijaribu kesho.

Kesho.

Nilikaa chini juu ya kile kichuguu. Sijui kwa muda gani. Hilo nalo liko katika hesabu yangu, kwamba nilikaa. Kisha Papa Mwamba jirani akatoa baiskeli yake, nikamfunga Kabange mgongoni, tukaanza njia ya kando ya reli. Alikufa kabla hatujaona mabati ya Kamina. Hakulia. Alisema ana kiu, nikashuka kumpa maji, na maji yakarudi yakatoka pembeni mwa mdomo. Papa Mwamba alivua kofia yake, akageuza baiskeli bila kuniuliza.

Tulipofika nyumbani, bibi yako alikataza kilio. Unamjua, mambo ya mapasa kwake hayakuwa ya kuchezewa. Alisema pacha hafi, amerudi tu alikotoka, na ukimlilia utamwita na mwenzake. Kwa hiyo kituo kizima kilinyamaza. Nyumba isiyo na kilio, mwanangu, ni mahali pazuri sana pa kuficha kitu. Kabla mtu yeyote hajaniuliza neno, niliirudisha kadi ukurasa wa nne, korongo juu, mgongo chini, nikaigandisha kwa gundi ya viraka vya baiskeli.

Kabla ya kuigandisha niliisoma ile tarehe ndogo ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa chini ya namba. Niliomba iwe imepita. Niliomba sana. Kama ilikuwa imepita, basi hata ningeikwangua kwa manyoya ya kuku isingesaidia, na mimi si kitu katika jambo hili. Ilikuwa bado na wiki tatu. Kadi ilikuwa hai.

Baba yako alifika kesho yake jioni, siku yake ya kawaida, akipiga mluzi. Tulimsikia kabla ya kumwona. Mfukoni mwa shati alikuwa na kadi mpya aliyookota, ya okapi, alikuwa ameahidi kumletea Kabange okapi.

Watu wote wa nyumba zile nne walikuwa wamesimama. Bibi, shangazi Monga, Papa Mwamba. Baba yako alizika uso wake ukutani kwa muda, kisha akageuka akaniuliza, kwa upole, hakuwa na hasira, hilo ndilo lisilonitoka:

"Haukuniita?"

Nami nikasema: "Nilikuita. Haukupokea."

Sikupanga. Nakuapia kwa jina lolote utakalo, neno lilitoka kama maji yale yaliyotoka mdomoni mwa Kabange. Nilifikiri nitalirudisha baada ya muda mfupi. Alitoa simu yake, akaiangalia, akaifungua, akaigeuza nyuma na mbele. Hapakuwa na simu yoyote iliyopigwa, yeye aliona hivyo kwa macho yake. Na unajua alisema nini?

"Pengine rezo ilianguka." Akafikiri. "Ao pengine nililala. Ndiyo. Saa ile nililala kidogo. Njo vile. Nililala."

Aliibeba hatia mwenyewe. Mimi nilimwekea mbele ya miguu, yeye akainama akaibeba, na akanisaidia hata kuitafutia maelezo. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na kidole mdomoni, ukasikia.

Yaliyofuata unayajua, lakini unayajua kutoka upande wa giza. Unakumbuka alivyokuwa na simu: anapokea kanisani, anapokea akiwa na sabuni usoni, anapokea namba za watu waliokosea na kuwashukuru. Vijana wa gare wakampa jina, Papa Alo, kwa ile "alo" yake ya kupokea simu. "Papa Alo, Mungu anakuita, pokea!" Ulicheka nao ulipokuwa na miaka kumi. Mimi nilikuwa nikikaanga ndizi dirishani, nikasikia, nikageuza ndizi. Ulipofika miaka kumi na miwili ulimwambia usoni: "Weye ulilala, ndugu yangu akakufa." Siku tatu baadaye alifunga nguo zake akaenda Mulongo kwa watu wa mama yake, akaacha albamu juu ya kitanda chako na simu yake juu ya kabati langu. Tangu hapo hana simu. Anakausha samaki kwa moshi, anawatuma kwa watu wa mitumbwi, na wewe hukumla hata mmoja. Mimi niliwala, Kyungu. Wote. Nilikuwa nasema ni wa sokoni.

Na Desemba barua yako ya kazi ikaja, kituo cha afya, Mulongo. Nilifikiri utakataa. Ulisema, "Mulongo ni kubwa, si lazima nimuone." Nikaona Mungu anacheka, au hacheki.

Utauliza kwa nini sasa. Kwa sababu nina furaha. Nilipokuwa na huzuni uongo ule ulikuwa na mahali pa kukaa, ulifanana na nyumba. Sasa kila asubuhi mtu ananipa kipande cha kwanza cha chungwa, nami naangalia mkono wake na kufikiri: huyu hajui anamlisha nani.

Leo asubuhi nikamwambia. Alikuwa anamenya. Nilisema yote, kama nilivyokuandikia hapa, na ganda likakatika. Hajawahi kukata ganda. Akauliza neno moja tu.

"Yule baba anajua?"

"Hapana."

Aliweka chungwa mezani, akatoka uani. Nilimwona anazunguka mti wa mpapai mara nyingi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Aliporudi alisema, "Utaenda na treni gani?" Hakusema sheri. Hajanishika mkono tangu wakati ule, na simu yangu imekaa kimya kutwa nzima. Huenda kesho italia. Huenda nimeolewa wiki sita tu maishani mwangu zilizokuwa nzuri. Nakuandikia hili ujue kwamba sikuandikii kutoka mahali penye usalama.

Sina mafundisho, mama. Ninayo machache niliyoyalipia, uyachukue au uyaache. Kule kituoni utakosea. Utampa mtu dozi isiyo yake, utafika umechelewa, mkono utateleza. Kila mtu mwenye kazi ya mikono hukosea kwa mikono. Kosa la wembe lile, nadhani, Mungu ameshanisamehe, lilikuwa la dakika moja na mvua ilikuwa inanyesha. Lile la mdomo ndilo lililoendelea kila siku, maana kila asubuhi niliamka na nafasi ya kulimaliza nikaenda kuchota maji. Likikutokea, sema siku hiyo hiyo, hata kama wote wamesimama. Utaona aibu, na aibu itakwisha.

Na katika mapenzi, kwa kuwa sasa najiona mtaalamu, usimchague mtu kwa sababu anapokea simu. Mimi nilikuwa na mtu ambaye angekuja na drezini usiku wa tufani. Nilimcheka kwa dada yangu, nikamaliza yunite kwa kumcheka.

Nimeibandua kadi. Nilishikilia albamu juu ya mvuke wa sufuria, gundi ikalegea, ila korongo amepoteza mguu. Imo ndani ya bahasha hii. Igeuze. Utaona tarakimu kumi na mbili na mahali palipo peupe. Wewe umekusanya kadi miaka yote hii, unaijua kila moja kwa mfululizo na kwa mwaka wake, hii ndiyo pekee uliyokuwa hujaisoma. Irudishe ukurasa wa nne au itupe mtoni Lualaba, hiyo ni yako kuamua. Pale mezani kuna pia sanduku la kadi nzima ambazo Papa Saidi alikuletea kutoka stoo yake ukakataa kuzigusa. Hakuzileta ili akununue. Alisikia tu kwamba unakusanya, akapekua stoo siku mbili.

Sikutumi kwa baba yako. Nataka hilo lieleweke. Hutambebea maneno yangu, si mzigo wa kupeleka kwa mkono wa mtoto, nimeshakubebesha vya kutosha. Ukiamua kunichukia, anza hata leo, nitakupikia hivyo hivyo. Lakini ukifika pale wanapotua samaki, na ukamwona mwanamume mwembamba mwenye bega moja chini kidogo, anayegeuka haraka kila simu ya mtu yeyote inapolia, usimpite. Msalimie tu. Useme wewe ni Kyungu. Mengine niachie mimi.

Nasikia sauti ya mama yako mdogo barabarani, anagombana na mtu wa pikipiki. Mnarudi. Nitaiweka bahasha hii chini ya blauzi zako nyeupe za kazi, ambako hutafika mpaka ufungue sanduku Mulongo, na huu, najua, ni uoga wa mwisho, unisamehe huo mmoja. Kesho gare nitakukumbatia kama mama asiye na neno. Ila neno ninalo, na mdomo ninao, nami nitauleta mwenyewe: treni hadi Bukama, mtumbwi hadi kwenu, Papa Saidi akija au asije. Nitasimama mbele ya baba yako nawe ukiwepo, na wale jirani zake wakiwepo, kama wale wa nyumba nne walivyokuwepo, niseme kwamba hakulala. Mwezi huu hautakwisha kabla sijafika.

Mama yako, na wa Kabange.